Sultani wa Ukutani Landover

Shikamoo mama. Huku Landover, ughaibuni, baridi inauma masikio, ila kwa shangazi Zuwena tumecheka mpaka tukapata joto. Jirani yake, nesi wa Kikenya, jana kaja kunywa kahawa. Kuiona picha ya marehemu Sultani wa Oman ukutani, na kilemba chake na ndevu nyeupe, akadhani ndiye mume wa shangazi aliyefariki.

"Pole sana, mama. Mzee anakaa kama alikuwa mtu wa heshima."

Badala ya kumsahihisha, shangazi akakumbuka walivyokimbilia Oman kwa Sultani, machozi yakamlengalenga. "Alitupokea tulipokuwa hatuna pa kwenda."

"Aliwacha watoto?"

"Hakujaaliwa. Sote tulikuwa wanawe."

Wakakumbatiana, wakalia. Mara mume halisi wa shangazi, Mzee Seif, akatoka jikoni na sinia la sambusa. "Nani kafa?"

Leo katundika picha yake mwenyewe, kubwa kumshinda Sultani. Nakubusu mikono, mama.

Mwanao, Rahma