Vidole vya Mwalimu Kagendo

Mama yangu,

Habari za Runyenjes? Hapa Kibirichia baridi inauma, lakini nimeshiba viazi vya moto. Leo nilifundisha walimu kutumia tableti. Mwalimu Kagendo aligusa kioo mara nyingi, kikakataa. Nikamwambia, "Usiogope, mwalimu." Akanionyesha vidole vilivyokauka kwa kuchimba viazi. "Siogopi. Hiki kitu ndicho kisichonisikia." Mwenzake akampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, na mara tableti ikatii. Tulipiga makofi!

Mama, nilikugombeza eti hutaki kujifunza ile simu niliyokununulia. Kumbe ni vidole tu, vile vilivyochuma majani chai mpaka nikasoma. Nisamehe. Nakuletea mafuta, na nitakupaka mwenyewe.

Mwanao,
Muthoni