Aliyekagua Kiwanja Asubuhi Ile

Kasulu, 4 Mei 2025

Kaka Makarius,

Shikamoo. Sisi wazima, mpwa wako Herieth mimba yake ina miezi sita na anakusalimu. Mgongo wa wifi unaendeleaje?

Naandika kwa sababu kwenye simu nikitaja ndege unasema mtandao mbaya. Ripoti ya ajali ya mwaka jana imetoka. Swaumu, mjane wa rubani Khatibu, aliniletea shuleni nimsomee, maana imejaa maneno ya kitaalamu. Inasema kosa ni la mumewe: alitua kwa kasi, ndege ikateleza hadi mtaroni. Ukurasa wa tisa unasema: "Saa moja asubuhi mlinzi wa kiwanja alikagua njia ya kutua, akaikuta kavu na imara." Jina ni lako.

Kaka, saa moja asubuhi ile ulikuwa kwangu Kasulu. Ulikuja jana yake kwa posa ya Herieth. Kiwanja cha Kibondo ulikikaguaje? Nilimsomea Swaumu mstari ule kama vile sijui kitu. Naona aibu mpaka leo.

Mdogo wako,
Vestina

Kibondo, 19 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo wa wifi yako una nafuu, anashinda shambani.

Ripoti wameandika wasomi, mimi mlinzi niwasahihishe? Daftari la ukaguzi nililijaza jioni kabla ya kupanda basi. Walinzi wote hufanya hivyo wakisafiri. Njia ilikuwa kavu kweli, hata mbuzi nilishawafukuza. Usiku ikanyesha, na mvua ni ya Mungu. Yaliyopita si ndwele. Nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Na nani aling'ang'ania nije? Si wewe uliyesema Herieth hawezi kuposwa bila mjomba wake?

Kaka yako,
Makarius

Kasulu, 2 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Habari za nyumbani ni njema, za moyoni sizisemi.

Ni kweli niling'ang'ania. Lakini Swaumu hafungui tena duka. Yule muuguzi aliyekuwa abiria alikatwa mguu, na ndugu zake walikuja dukani kumtukana Swaumu mbele ya wateja. Juzi kaniambia, "Mwalimu, hata mimi sasa naamini alikuwa mzembe." Mke anamchukia marehemu kwa ajili ya daftari lako! Waandikie wachunguzi, nakuomba.

Mdogo wako,
Vestina

Kibondo, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimekaa na barua yako wiki sita. Wifi yako ameshachoka kuniuliza kwa nini sili.

Kuna jambo halimo kwenye ripoti. Asubuhi ile, kabla hajaruka, Khatibu alinipigia simu. "Mzee Makarius, kiwanja vipi?" Nikamjibu, "Kikavu, njoo tu." Niliona haya kumwambia sipo kazini. Ni hilo tu, Vestina. Mtu amekufa kwa haya zangu. Nilikuwa barazani kwako, wewe unanimiminia chai. Ulisikia.

Jumatatu niliwaandikia wachunguzi yote. Nimekutaja wewe kuwa shahidi. Nisamehe.

Kaka yako,
Makarius

Kasulu, 3 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Nilisikia. Habari ya ajali ilipofika nilijua palepale, nikanyamaza ili posa isiingie nuksi. Halafu nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Hata nilipokuandikia habari za ukurasa wa tisa, nilitaka aibu uibebe peke yako.

Wachunguzi walinipigia Alhamisi, nimetuma maelezo na sahihi yangu. Jana nikaenda kwa Swaumu. Nilimweleza daftari, mvua, simu, na mimi na birika langu. Nilikuwa natazama sakafu. Nilijua atanifukuza, na ningeondoka bila neno.

Hakunifukuza. Alisema, "Kwa hiyo aliuliza." Akairudia, huku machozi yanamtoka, "Aliuliza kwanza, Mwalimu. Mume wangu aliuliza."

Anataka akusikie wewe mwenyewe ukisema. Panda basi la Jumamosi asubuhi, nitakupokea stendi twende pamoja.

Mdogo wako,
Vestina