Siku Nilipokwenda Zahanati Kupima Mlango

Nabwire, mtoto wa mama yangu,

Hapa Mundika tuko salama. Mihogo yako imenona, na karakana yangu imekuwa kubwa kabisa. Kutoka Busia mpaka Malaba hakuna nyumba ya maana ambayo mlango wake haukupita mikononi mwangu. Mmoja ulikuwa mzito mpaka lori lililoubeba likashikwa kwenye mizani. Najua ungesema, "Ouma, wewe hata ukikohoa unatia chumvi."

Lakini hii nayo sitii chumvi. Binti yako Taaka alianza kutoka damu siku ambazo si zake. Mke wangu Agneta ndiye aliniambia, na mimi nikakuona wewe ndani yake. Wewe pia ulianza hivyo. Ulisema ni umri, hedhi inaaga, na wenzako wote wa sokoni wakakubali. Tulipofika hospitali saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshatembea mwilini.

Agneta alimsihi mtoto aende, akakataa. Huku kwetu mwanamke akisema anaenda kupima, watu wanajua ni ukimwi tu. Halafu akamwambia, "Mama alienda, wakaipata saratani, akafa." Na mimi ni khotsa wake, mjomba mtu. Ningeanzia wapi kumwambia mtoto wa dada yangu mambo ya chini ya kitovu?

Sasa sikiliza. Siku moja nilichelewa kwa baraza la chifu, nikakuta tangazo liko mkiani: Alhamisi, pale zahanati, watu wa afya watapima mlango bure. Bure! Damu ikanichemka. Nani huyo anakuja kupima milango Mundika na mimi niko hai?

Alhamisi nikachukua tepu yangu, nikaweka penseli sikioni, nikaenda. Nikakuta akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Nikafikiri ni wateja wangu wameibiwa. Nikasimama katikati nikasema kama kuna mtu wa kupima mlango hapa ni mimi, nimepima hata wa padri. Ndipo yule mama mzee anayeuza omena akainua kichwa.

"Ouma, huu wetu hiyo tepu yako haifiki."

Nabwire, benchi moja lilianguka na watu wake. Muuguzi mwenyewe alishika ukuta. Alipopata pumzi akanieleza bila kunificha: ni mlango wa kizazi, wanapaka siki, wanaangalia kama kuna mahali panageuka rangi, dakika chache imekwisha. Akaniuliza kama nina mtu wa kuleta. Nikamwambia habari zako kwa sauti ya chini. Mimi, ambaye nikiita fundi mwenzangu Malaba anaitika.

Hadithi ilifika kwa Taaka kabla yangu. Akaja karakana, anacheka kicheko ambacho hatujasikia tangu tukuzike. "Khotsa, ni kweli ulienda na tepu?" Nikaongeza kidogo, nikasema walinipa kiti cha daktari. Alipokuwa bado anafuta machozi ya kucheka nikamwambia, "Basi nenda wewe, uniletee habari kama kazi yao ni safi kushinda yangu."

Akaenda. Majirani walipomuuliza unaenda wapi, akawajibu, "Naenda kwa fundi."

Waliona mahali pamegeuka rangi, wakakata hapo kipande kidogo sana, kikapelekwa hospitali. Zile siku za kungoja majibu nilipiga randa mbao moja mpaka ikabaki kama karatasi. Ndipo akaja akasimama mbele yangu. "Khotsa, haijawa ile ya mama. Palikuwa pameanza kuharibika. Wamepachoma, pamekwisha. Wamesema nirudi waangalie tena."

Nikaiweka randa chini, nikafunga karakana mchana kweupe. Uliza mtu yeyote Mundika kama nimewahi kufunga kabla ya jua kuzama.

Siku hizi mpaka Busibwabo akina mama hawasemi wanaenda kupima. Wanasema wanaenda kwa fundi, na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Agneta alienda, wakampima na presha, wakamwonyesha vile atajipapasa matiti kutafuta uvimbe. Bwana mmoja alinijia na rungu, ati mke wake anafanya nini kwa fundi kila mara. Nikampa stuli, nikamweleza habari yako yote. Wiki ile ile alimleta mama yake mzazi kwa pikipiki. Na wa Uganda pia wanavuka kuja, hapo labda nimetia chumvi kidogo.

Ni wewe umefanya haya, Nabwire. Mimi nilibeba tepu tu.

Lala vizuri, dada. Taaka akirudi kuangaliwa nitampeleka mwenyewe mpaka langoni. Na hili nakuapia: katika boma hili mwanamke akitoka damu isiyo ya siku zake, hakuna mtu atamwambia ni umri.

Ndugu yako,
Ouma