Tonge la Mzee Turgun

Bahrom,

Chai iko kwenye birika. Mkate usiugeuze kifudifudi, ni kuuvunjia heshima. Ile supu isiyo na chumvi ni yangu. Usiitie chumvi eti unanionea huruma. Mimi na mama yako tumekwenda hospitali, leo ni zamu yangu ya kusafishwa damu.

Najua umenuna. Nimekugombeza mbele za watu, kwenye pilau ya alfajiri ya arusi ya jirani. Lakini nawe! Mzee Turgun amefinyanga tonge kwa mkono wake, linachuruzika mafuta ya mkia wa kondoo, analileta mdomoni kwangu. Tonge la mkubwa halikataliwi hapa kwetu. Nilishafumba macho, nikikumbuka alivyosema daktari: figo zikichoka, mafuta kwenye damu nayo huharibika, mishipa ikaziba, na moyo unaweza kutangulia kusimama. Kufumbua macho, umechomoza shingo kama kifaranga, umelimeza wewe!

"Mtoto huyu hana haya!" nikafoka. Mzee wa watu kabaki na mkono hewani.

Nilipofika nyumbani hasira ikaniisha. Nikacheka peke yangu mpaka mama yako akadhani nimezidiwa.

~~Nenda kamwombe Mzee radhi.~~ Usiende. Nitakwenda mwenyewe jioni nimweleze ninavyoumwa, na kwamba tonge lake limenifaa kuliko yote niliyowahi kulishwa.

Tumbo likikusumbua, unywe chai ya moto. Ahsante, mwanangu.

Baba yako