Jogoo wa Mama Mkwe

Dada Somoe, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye banda la video huku Mbagala. Kadi imelowa jasho, usidhani nalia.

Picha ni ya mapenzi, ya Wamarekani weusi. Jamaa kavaa suti, kasimama mvuani mlangoni kwa mpenzi wake aliyemkimbia. Kasema neno moja tu, akafunga mdomo. Lakini Dijei Sudi, anayetutafsiria kwa kipaza sauti, yeye akaendelea: "Mke wangu, rudi nyumbani. Yule jogoo wa mama yako nilimla kwa njaa, si kwa dharau."

Wenyeji wote wakageuka kumtazama Mwajuma, muuza bagia wa hapa mlangoni. Kumbe ndiye mke wa Sudi. Kahama kwake wiki ya tatu hii, ila biashara hakuihamisha.

Mwajuma hata hakuinua macho kwenye karai. "Mwambie huyo mwenye suti alete jogoo kwanza."

Sudi akasimamisha picha, akatoka mbio kuelekea sokoni.

Basi Mmarekani wa watu bado kaganda mvuani, na sie tunakula bagia tukimsubiri kuku.

Nawapenda nyote. Mwambie shemeji, jogoo wa mama amwangalie kwa mbali tu.

Mdogo wako, Zuhura