Kumhamisha Gunilla hadi Ajo

Jumatatu, 22 Januari

Upepo tangu asubuhi. Vumbi hadi kwenye sukari.

Askari wa hifadhi kapita: siku zetu kumi na nne za kukaa bure hapa Quartzsite zinaisha Ijumaa, tuhame. Kasema kwa adabu, lakini kasema. Miaka yote tukiambiwa hivyo Orrin humwasha Gunilla, mimi naketi pembeni na ramani. Gunilla ndiye nyumba yetu — gari refu kama basi, na kitanda, jiko na choo ndani. Lakini mwaka huu macho ya mume wangu hayafai. Juzi juzi alipita taa nyekundu katikati ya mji huku anapiga mluzi!

Todd naye kapiga simu kutoka Fargo. Huyu mwanangu hupanga maisha ya watu kama anapanga viatu. Atakuja kwa ndege Jumapili, amwendeshe Gunilla hadi kwao, amuuze. Sisi tuhamie chumba cha chini nyumbani kwake. "Kwani nani atamwendesha, Mama?" Nikamwambia: mimi. Akacheka. Si kwa ubaya, lakini akacheka!

Basi nimeamua. Ijumaa nampeleka Gunilla mimi mwenyewe hadi Ajo, mji mwingine huku huku jangwani tunakoweza kukaa. Todd atatukuta huko. Chumba cha chini siendi.

Jumanne, 23 Januari

Somo la kwanza. Hata sijawasha injini, jirani zetu Dwayne na Bev wameshatoa viti na bia. Ndivyo tulivyo huku jangwani, mtu akirudisha gari nyuma hiyo ndiyo sinema. Nami nimewatazama wengi hivyo, siwezi kulalamika.

"Mama Todd, tumwondoe mbwa wetu usije ukamgonga?" — Dwayne huyo.

"Mwache mwenzio," Bev kamjibu. "Nani aligonga choo cha watu kwa gari pale Yuma, kikaanguka?"

Orrin pembeni yangu anapiga kelele: kata! usikate! kata! Nikamwambia, mzee, niliendesha mashine ya kuvuna ngano ya baba kabla sijakujua wewe. Akasema ngano haiji mbele yako na taa zimewashwa.

Nimegonga pipa la takataka. Pipa tu.

Jumatano, 24 Januari

Mabega yanauma. Nimerudi nyuma katikati ya vichaka bila kugusa kitu. Bev kapiga makofi. Dwayne kakunja kiti chake, sinema hakuna — raha iliyoje!

Ijumaa, 26 Januari

Ya leo lazima niandike.

Barabara kuu — malori! Kila likinipita, Gunilla anayumba na Orrin anashika dashibodi. Nimekaza meno hadi Gila Bend. Pale kituo cha mafuta nikaingia njia siyo. Ilibidi nirudi nyuma, lakini Gunilla huburuta gari letu dogo la kwendea mjini, na ukiwa nalo huwezi. Orrin akashuka akalifungua, nikajigeuza, akalifunga tena. Hiyo ndiyo kazi yake siku zote. Nikamuuliza, breki yake ya mkono umeishusha? Akasema, mama Todd, mimi si mgeni wa kazi hii. Sikushuka kuangalia. Nilikuwa nimeshamnyang'anya kiti, sikutaka kumnyang'anya na hilo.

Kutoka pale barabara ikatulia, nami nikaanza kufurahi. Sisi wenye magari haya hupungiana mikono tukipishana. Wa kwanza akapunga, nikapunga. Wa pili akapunga mikono yote miwili na kuwasha taa. Nikamwambia Orrin, leo watu wana ukarimu! Nikapunga kama bibi harusi. Wa tatu akapiga honi mpaka akapotea. Orrin akasema wameona dereva mzuri. Mungu wangu, nikaamini!

Halafu harufu. Moshi mweusi kwenye kioo. Nikasimama pembeni, na mzee mmoja mwenye karavani akasimama nyuma yetu akaja mbio. "Bibi, unaburuta moto! Watu wanakupungia usimame, na wewe unawasalimia!"

Matairi ya nyuma ya gari dogo yameisha, rimu zinasaga lami. Breki ya mkono ilikuwa juu.

Orrin akaingiza mkono ndani, akaipapasa. "Sikuiona, Marlys." Hakuniita mama Todd. Akasema anaona kando tu, katikati hamna kitu. Hata uso wangu ni doa, na amenificha tangu Krismasi.

Nililia pale barabarani. Kwa hasira, na kwa huruma, sijui ipi ilikuwa kubwa. Kisha nikapenga kamasi nikarudi kwenye usukani. Gari dogo likachukuliwa na lori la winchi hadi gereji, Gunilla nikamfikisha Ajo mimi.

Jumamosi, 27 Januari

Nimemwambia: kuanzia leo kila ukifunga kitu, nami naangalia. Kasema basi yeye atapika. Mayai kaunguza. Nimeyala yote.

Jumapili, 28 Januari

Todd kafika. Kwanza kapitia gereji, kaona rimu. Sasa wako nje, naandika huku nawasikia.

Anamwambia baba yake nusura mfe. Nimempigia kelele dirishani: dereva nilikuwa mimi, na kuangalia ni kazi ya dereva! Kasema ndiyo maana amekuja, Mama. Hapo ana haki. Nusu.

Eti kesho alfajiri tunaanza safari ya Fargo. "Nipe funguo, Baba."

Orrin kajikohoza. "Muulize dereva."

Wote wawili wamegeukia dirisha langu. Funguo ninazo mfukoni mwa aproni. Todd anapanda ngazi — nami nimeshahamia kiti cha usukani.