Kocha Anasema Upumzike

Jumatatu, 3 Februari
Nimebadilisha vioo viwili vya simu asubuhi, nikafunga duka, nikapanda teksi kutoka Warwick hadi uwanja wa mazoezi. Joto kali. Vadim anakimbia kama kawaida, uso mwekundu kama nyanya. Kocha hamtazami. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nangoja mtu aseme kitu nikitafsiri. Leo hakuna aliyesema.

Kazi hii nimeipata kwa sababu nilisoma Minsk. Nilitoka huko na diploma ya mitambo na Kirusi. Mitambo haijanifaa kitu. Kirusi kililala miaka mingi, kikaamshwa Agosti, timu ilipomleta Vadim, mshambuliaji wa Belarusi asiyejua Kiingereza. Alifunga katika mechi mbili za kwanza. Tangu hapo, kavu. Ana miaka thelathini na tatu. Amechezea kwao, Kazakhstan, Uturuki, sasa hapa. Mama yake humpigia baada ya kila mechi, hata zile za benchi. Huuliza kama amekula.

Jumatano, 5 Februari
Kocha ametuita ofisini. Amezungumza akitazama dirisha. Hatamchezesha Vadim tena. Mkataba unaisha Mei na hautaongezwa. Kuanzia kesho afanye mazoezi peke yake. Akipata timu nyingine aende, hakuna atakayemzuia. "Eish, ndugu yangu, mwambie tu," akamaliza.

Vadim alikuwa ananitazama mdomo. Nikasema: Kocha anasema upumzike kidogo.

Akauliza, hayo tu? Nikasema hayo tu.

Sikupanga. Kwetu Bukavu habari mbaya haimwagwi kwa mtu aliyesimama. Baba yangu alipofariki niliambiwa kwa simu kwamba anaumwa kidogo, nirudi. Nikafika, nikakalishwa, nikapewa maji, ndipo wakasema. Vadim naye nilitaka akae kwanza. Jioni nikamnunulia chai. Alikuwa na furaha, anahesabu mechi zilizobaki. Chai ikaisha, sijasema.

Jumamosi, 8 Februari
Timu imefungwa. Vadim hakuwepo hata benchi. Alishinda ufukweni Bluff, anakimbia mchangani apate pumzi ya kumalizia msimu. Kanitumia video. Anakimbia vizuri, mshenzi.

Kesho nitamwambia.

Jumapili, 9 Februari
Kanisa. Mvua. Sikumwambia.

Jumanne, 11 Februari
Vadim amekuja dukani kunisalimia, nikiwa nimefungua simu ya mteja. Klabu yake ya kwanza imempigia, ile ya mjini kwao aliyoanza nayo akiwa na miaka kumi na sita. Mshambuliaji wao amevunjika mguu. Ligi yao inaanza Machi. Wanamtaka kwa misimu miwili, acheze hapo mpaka atundike viatu. Kutoka kwa mama yake hadi uwanjani ni kuvuka barabara.

Amewakatalia.

Amenieleza huku anacheka. Anasema kocha hapumzishi mtu asiyemhitaji. Skrubu ikanidondoka, nikashukuru kupata sababu ya kuinama chini ya meza. Nilikaa huko muda mrefu kuliko skrubu ilivyostahili.

Mimi ni mwoga. Basi.

Jumatano, 12 Februari
Nimemweleza mke wangu, Furaha. Hakunipa hata nafasi ya kujitetea. "Hapa hakuna mutu amekufa, Baba Grâce. Ni kazi ndio imeisha. Juu ya nini unamuficha mutoto ya watu? Umulete hapa kesho. Ntapika. Akishiba, unasema. Ukinyamaza, ntasema miye, kwa mikono."

Na kweli angesema. Nimeishi naye miaka.

Alhamisi, 13 Februari
Vadim amekuja kwetu Queensburgh. Furaha amepika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Alikula, akaomba tena. Nikamwacha ale nusu ya sahani ya pili, nikasema. Yote, kwa mpangilio aliousema kocha. Dirisha nalo nikalitaja.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniuliza kama siku ile ofisini nilikuwa nimesikia vizuri. Nikasema vizuri kabisa. Akaweka uma chini. "Nimebakiwa na miaka miwili ya mpira, labda mmoja," akasema. "Na wewe umenilia wiki nzima." Akamshukuru Furaha kwa mkono kifuani, akatoka.

Furaha amefunika ile sahani.

Ijumaa, 14 Februari
Vadim amewapigia klabu ya kwao. Nafasi imejazwa jana. Kijana wa miaka ishirini. Wamemwambia anaweza kuja kufanya mazoezi nao, kisha wataona. Wataona. Mtu aliyewafungia mabao akiwa bado hajaota ndevu.

Habari hii amenitumia kwa ujumbe. Sikuijibu. Niliandika pole mara kadhaa nikafuta. Najichukia leo.

Jumatatu, 17 Februari
Amenipigia. Anaondoka, anataka kumuaga kocha, na mkalimani ni mimi, hana mwingine. Ofisi ileile. Kabla hatujaingia akasema: leo usipunguze.

Sikupunguza. Alisema hana ugomvi kuhusu kupoteza namba kikosini, makocha hubadilisha washambuliaji kila siku. Alisema siku ile kocha aliangalia dirisha, na mtu wa umri wake anastahili kuangaliwa usoni. Nikasema hivyohivyo. Kisha akasema wiki aliyopoteza si kosa la kocha, na hilo nalo nikalitafsiri, nikimwangalia kocha usoni.

Kocha akasimama. Alimtazama Vadim usoni, akampa mkono. Hakusema neno, kwa hiyo sikuwa na kazi.

Jumapili, 23 Februari
Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Sikuombwa, nilijipeleka. Hakunifukuza. Furaha alimfungashia chapati na mayai ya kuchemsha, naye akavipokea.

Tukiwa kwenye foleni mama yake akapiga. Sauti yake ilisikika wazi. Kwa nini unarudi katikati ya msimu? Wamekufukuza? Unaumwa?

Vadim alikuwa amesimama, begi begani, tiketi mkononi. Alinitazama.

"Hapana, Mama," akasema. "Kocha anasema nipumzike kidogo. Nikifika tutakaa, tutaongea."

Mama akauliza kama amekula. Akasema amekula. Nilimshikia begi la viatu mpaka walipomaliza kuongea.